Mtani na Mkono wa Birika: Historia Fupi ya Mzaha baina ya Wakenya na Watanzania

Mkenya aingiapo katika mkahawa wa Arusha au Tanga akasema "Nipe chai," huenda akajibiwa kwa tabasamu kwamba hapo watu huomba, hawaamrishi. Naye Mtanzania akija Nairobi, akaanza kumwamkia mwuzaji na kumwuliza habari za nyumbani, za kazi na za watoto kabla ya kutaja anachotaka, huambiwa kwamba chai itapoa kabla salamu hazijaisha. Likifika suala la kulipa, mzaha huhamia mfukoni. Mtanzania husema kwamba Mkenya huhesabu chenji yake mara mbili. Mkenya hujibu kwamba afadhali kuhesabu chenji kuliko kungoja rafiki alipe. Wote hucheka, chai hunywewa, na aghalabu kila mmoja hung'ang'ania kulipa ili kumwumbua mwenzake.

Mambo haya yaonekana madogo mno kushughulikiwa na wasomi wa lugha. Hata hivyo, yana historia ndefu, na historia hiyo yatuhusu sisi tunaofundisha Kiswahili kuliko tunavyodhani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno la mzaha halina uzito wake lenyewe. Uzito wake hutokana na deni lililoko baina ya wale wanaolitumia. Pale ambapo deni hilo linatambuliwa, hata tusi huwa ni upendo. Pale ambapo limekanwa, hata sifa hugeuka kuwa tusi. Tutaanza na utani wa asili, kisha tutatazama jinsi mzaha wa ubahili na mzaha wa lugha ulivyovuka kutoka kwa makabila ukafika kwa mataifa.

Utani wa asili

Wataalamu wa elimu ya jamii walianza kuuandikia utani kwa uzito katika miaka ya 1940. Mwaka wa 1940 A. R. Radcliffe-Brown alieleza kwamba ni uhusiano ambao ndani yake mtu huruhusiwa, na pengine hulazimika, kumfanyia mwenzake mzaha, na huyo mwenzake hulazimika kutoudhika. R. E. Moreau, ambaye kazi yake hasa ilikuwa uchunguzi wa ndege huko Amani katika milima ya Usambara, aliandika kuhusu utani wa Tanganyika katika miaka hiyo hiyo. Katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alihariri mkusanyo mkubwa wa maelezo ya utani wa makabila mbalimbali ya Tanzania.

Kwa jumla utani ulikuwa wa namna mbili. Namna ya kwanza ni ule wa ukoo: babu na mjukuu, mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba, mtu na shemeji yake. Namna ya pili ni ule wa kabila na kabila. Huu wa pili, kwa maelezo ya wazee wengi, ulitokana ama na vita vilivyokwisha kwa amani, ama na safari. Wangoni walioingia kusini mwa Tanganyika katika karne ya 19 walipigana na Wahehe, kisha wakawa watani wao. Wanyamwezi, waliobeba mizigo ya misafara baina ya Tabora na pwani, walikuwa watani wa Wazaramo ambao nchi yao ilikuwa mlangoni mwa bandari. Msafiri aliyeugua njiani, mbali na ndugu zake, alihitaji mtu wa kumpokea ambaye hakuwa ndugu lakini hakuwa mgeni kabisa. Mtu huyo ndiye mtani.

Yafaa tusisitize jambo hili, maana wengi husahau nusu yake. Mtani hakuwa na ruhusa ya kutukana tu, bali alikuwa na kazi. Katika makabila mengi, mtu akifa ni mtani aliyeshughulikia maziko, akachimba kaburi, akawapikia waombolezaji. Na katika shughuli hiyo hiyo ya huzuni, mtani aliweza kuvaa nguo za marehemu, akaigiza mwendo wake na sauti yake, akamsuta mbele ya wafiwa kwa uchoyo wake wa siku zote, na kukataa mazishi yasiendelee mpaka apewe kitu. Wafiwa walicheka huku wakilia. Leseni ya kumcheka marehemu ilinunuliwa kwa jembe la kuchimbia kaburi lake.

Ubahili kama dai

Si ajabu basi kwamba katika utani tuhuma ya ubahili ndiyo iliyosikika mara nyingi. Mtani alikuwa na haki ya kuchukua kitu kidogo cha mtani wake, kwa mfano kuku, bila ya kuomba, na mwenyewe hakuruhusiwa kugomba. Kumwita mtu bahili, kwa hiyo, hakukuwa kueleza tabia yake. Kulikuwa kumdai. Maana yake ilikuwa: nina fungu katika mali yako, nawe unalijua. Aliyetoa alikuwa amekanusha tuhuma mbele ya watu; aliyenyima alikuwa ameithibitisha.

Huko kaskazini mwa Tanzania mzaha wa Wachagga na Wapare umefuata njia hiyo hiyo mpaka leo. Mchagga husemwa kwamba anapenda fedha kupita kiasi. Mpare husemwa kwamba ni mgumu wa kutoa, isipokuwa kwa ajili ya kesi: yuko tayari, kwa maneno ya watani wake, kumwuza ng'ombe ili ashinde shauri la kuku. Hakuna anayedhani kwamba maneno hayo ni takwimu. Wanaoyasema zaidi ni wale wanaooleana, wanaouziana na wanaozikana.

Lugha nayo imelihifadhi wazo hili kwa tamathali. Waswahili wamesema tangu zamani kwamba bahili ana mkono wa birika, kwa kuwa mkono wa birika umekunjwa daima na haunyooki kutoa. Mitaani Nairobi wazo hilo hilo limepata sura nyingine: bahili ana mkono gamu, yaani fedha imemganda kiganjani. Mmoja ameitazama meza ya chai, mwingine ameitazama meza ya karani. Lakini wote wawili wameutazama mkono. Twaona hapa kwamba misimu ya mjini mara nyingi huirithi mantiki ya lugha ya wazee, ikabadilisha chombo tu.

Kwa upande wa Kenya, neno utani linajulikana vyema pwani, lakini bara wazo lenyewe limepata majina mengine. Mfano mzuri ni kandanda. Dar es Salaam, mashabiki wa Yanga na Simba, vilabu vilivyoanzishwa katika miaka ya 1930, huitana watani wa jadi. Nairobi, mchezo wa Gor Mahia, klabu yenye wafuasi wengi wa Kijaluo, na AFC Leopards, yenye asili yake kwa Waluhya, huitwa mchezo wa mashemeji. Kwa majina hayo mawili mashabiki, bila ya kukusudia, wamezitaja zile namna mbili za utani tulizozieleza hapo juu: ule wa makabila na ule wa ukoo.

Mzaha juu ya lugha

Ama kuhusu mzaha wa Kiswahili chenyewe, kuna msemo ambao kila mwalimu wa somo hili ameusikia: kwamba Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Tanganyika, kikaugua Kenya, kikafa Uganda, kikazikwa Kongo. Msemo huu una matoleo mengi, na msemaji hubadilisha mahali pa ugonjwa na pa kaburi kwa kadiri ya mahali alikozaliwa yeye.

Kama historia, msemo huu hauna miguu. Miongoni mwa tenzi za kale zaidi tulizo nazo ni Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka wa 1728, katika visiwa vya kaskazini ambavyo leo vimo Kenya. Na hapo Pate haikuwa Kenya, wala Unguja haikuwa Tanzania. Mpaka unaopita baina yetu ulianza kuchorwa na Waingereza na Wajerumani katika mapatano yao ya mwaka wa 1886. Kabla ya hapo mzaha wa Waswahili ulikuwa wa mji na mji. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa na uadui uliofikia vita vya Shela, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walikuwa miongoni mwa waliopigania miji yao kwa mashairi. Malumbano hayo yalikuwa na sharti: aliyejibu alipaswa kuyafuata mashairi ya mwenzake kwa vina na mizani. Hata adui, kwa hiyo, alilazimika kumsikiliza mpinzani wake kwa makini kabla ya kumjibu.

Sharti hilo lilivunjika katika zama za ukoloni. Mwaka wa 1928 mkutano uliofanywa Mombasa ulikata shauri kwamba Kiunguja ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka wa 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuisimamia kazi hiyo katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kimvita, lugha ya Muyaka, lahaja ambayo wamishonari wa Mombasa walikuwa wameitetea kwa muda mrefu, ikabaki kando. Hatusemi kwamba uamuzi ule ulikuwa mbaya; pengine pasingekuwa na vitabu vya pamoja bila ya huo. Twasema tu kwamba tangu siku hiyo mzaha wa lugha haukuwa tena baina ya watu walio sawa. Upande mmoja ulikuwa na kamusi na mtihani mkononi, na upande wa pili ulikuwa na alama nyekundu daftarini.

Jirani kwa jirani, 1967 hadi 1984

Mataifa yetu yalipopata uhuru, mzaha wa mfuko na mzaha wa lugha vilikutana. Mwaka wa 1967 Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha mwezi wa Februari, na mwezi wa Juni mwaka huo huo nchi tatu zikatia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Yaani mwaka mmoja uliwaunganisha majirani katika reli, bandari, posta na ndege, na pia ukawatenganisha katika siasa ya uchumi.

Kwa muda maneno yaliyotupwa huku na huku yalikuwa na ladha ya utani. Watanzania walisema kwamba Kenya ni nchi ya mtu kula mtu. Wakenya wakajibu kwamba Tanzania ni nchi ambayo mtu hana cha kula kabisa. Ukiyatazama kwa umbo, haya ni malumbano kamili: neno limejibiwa kwa neno, picha ile ile ya mlo imegeuzwa kumrudia aliyeianzisha. Lakini kadiri Jumuiya ilivyodhoofika ndivyo maneno yalivyopoteza kicheko. Mkenya akaitwa nyang'au, jina la mnyama mla mizoga, na jina hilo halikuacha nafasi ya jibu. Mwanzoni mwa mwaka wa 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilivunjika, na mwezi wa Februari Tanzania ikaufunga mpaka. Ulikaa umefungwa mpaka mwezi wa Novemba 1983.

Ni nini kilichobadilika? Maneno hayakubadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba tuhuma ya ubahili haikuwa tena dai linaloweza kulipwa. Baina ya watani, anayeitwa bahili hutoa kuku na mambo yakaisha. Hapa kila upande ulisema kwamba mwenzake ameshika mali ya pamoja, na hapakuwa na mila ya kuamua nani atoe nini. Ilibidi aletwe mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, ambaye kwa miaka kadhaa alihesabu mali na madeni. Mapatano yaliyotiwa sahihi Arusha mwezi wa Mei 1984 yaliigawia Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32 na Uganda asilimia 26. Kwa lugha ya makala haya, ile ndiyo hesabu ya kuku iliyochelewa miaka saba.

Senti tatu na dala

Hata hivyo, wakati serikali zilipokuwa hazisemezani, watu wa mijini waliendelea kubuni maneno kwa akili moja. Magari ya abiria ya Nairobi yaliitwa matatu, jina linaloelezwa kuwa lilitokana na nauli ya sarafu tatu za senti kumi. Magari ya Dar es Salaam yalipoanza kuruhusiwa katika miaka ya mwanzo ya 1980 yaliitwa daladala, kutokana na dala, jina la mtaani la sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli yake. Miji miwili iliyokuwa imefungiana mlango iliyaita magari yake kwa bei ya kuyapanda. Huo ni ushahidi kwamba wapandaji wote wawili walikuwa wakizihesabu fedha zao kwa uangalifu ule ule, na kwamba tuhuma ya ubahili ingaliweza kuwapata wote.

Misimu ya fedha yatoa mifano mingine. Nairobi, aliyeishiwa na fedha amesota. Neno hilo katika Kiswahili cha kawaida lamaanisha kujiburuta kwa matako, na picha yake haihitaji maelezo. Dar es Salaam, mtu huyo amefulia. Shilingi elfu moja ni thao huku na buku kule. Noti nyekundu ya shilingi elfu kumi ya Tanzania imeitwa msimbazi, kwa sababu ya rangi ya klabu ya Simba na mtaa wake. Mkenya akilisikia jina hilo bila ya kuujua utani wa Simba na Yanga hatalielewa kamwe. Kila neno la mtaani limebeba ramani ya mtaa wake.

Tumezoea kuyatendea maneno haya kama magugu. Lakini tukumbuke kwamba kamusi ya Sheng ya Ireri Mbaabu na mwenzake, iliyotoka mwaka wa 2003, ilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam. Lugha ambayo Watanzania huicheka kuliko nyingine yoyote ilihifadhiwa na nyumba yao wenyewe. Huo ni utani kwa maana yake kamili: aliyekucheka ndiye aliyekushughulikia.

Mpaka wa mzaha

Kuna msemo wa wahenga kwamba mzaha mzaha hutunga usaha, na Kenya imeujua ukweli wake. Kwa miaka mingi watazamaji wa vichekesho vya televisheni walicheka lafudhi za makabila bila ya kinyongo. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka wa 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini taifa zima lilimjua kama Mzee Ojwang, mzee wa lafudhi ya Kijaluo, na Wajaluo walimpenda kama mzee wao. Alikuwa ameingia ndani ya lafudhi hiyo akakaa humo maisha yake yote. Hakuipitia kuicheka tu.

Nchi hiyo hiyo ilishuhudia machafuko ya mwaka wa 2007 na 2008, ambamo maneno yaliyokuwa ya kawaida yalitumiwa kuwatia watu alama. Neno madoadoa, ambalo mfuaji nguo hulitumia bila ya wasiwasi, liliwahi kutumiwa kuwataja majirani wanaopaswa kuondolewa. Mwaka wa 2008 Bunge lilipitisha sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa, na tume iliyoundwa chini yake ililitaja neno hilo mwaka wa 2022 miongoni mwa yale yanayopaswa kuepukwa katika siasa. Sheria hulazimika kuorodhesha maneno, maana haiwezi kuorodhesha nia. Mila ya utani ilifanya kinyume: haikuorodhesha neno hata moja, bali iliorodhesha watu na wajibu wao. Mzaha kwamba Mkikuyu aliyezirai huzinduka akisikia sarafu ikianguka, ukisemwa na shemeji yake harusini, ni mzaha. Ukisemwa jukwaani na mtu asiyekusudia kumzika wala kumwoza, ni jambo jingine, ingawa silabi ni zile zile.

Hitimisho

Turudi kwa msemo wa kuzaliwa na kufa kwa Kiswahili. Makaburi yake yamekataa kufunga. Kongo, panaposemekana kuwa kilizikwa, Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika katiba ya mwaka wa 2006. Uganda, panaposemekana kuwa kilifia, kilifanywa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka wa 2005. Kenya, panaposemekana kuwa kiliugua, katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya lugha ya taifa na tena lugha rasmi. Msemo huu wafaa kuendelea kusemwa katika mkahawa wa Arusha. Haufai kusemwa na mwalimu anaposahihisha insha ya mtoto wa Eastlands au wa Lubumbashi, kwa kuwa mtoto huyo hana nafasi ya kumjibu kwa vina na mizani.

Mwaka wa 1977, mwaka ule ule mpaka ulipofungwa, kilitoka Nairobi kitabu kiitwacho Historia ya Kiswahili. Watungaji wake walikuwa wawili: Shihabuddin Chiraghdin, mtu wa Mombasa, na Mathias Mnyampala, Mgogo wa Tanzania. Wote walikuwa wamekwisha fariki, Mnyampala mwaka wa 1969 na Chiraghdin mwaka wa 1976. Mswahili wa pwani na Mgogo wa bara wangaliweza kutaniana mpaka asubuhi kuhusu matamshi ya kila mmoja wao, na hatuna sababu ya kudhani kwamba hawakufanya hivyo. Lakini walishika kazi moja, na kazi hiyo ikavuka mpaka ambao magari hayakuweza kuuvuka. Basi tukitaka kujua kama mzaha wetu bado ni utani, tusiyapime maneno. Tuulize kwanza kama jembe liko tayari.